Safari ya Mjusi wa Chokaa

Mmeniuliza kila mahali. Markiti, arusini Ganjoni, hata juzi msibani, maiti hajatolewa, mtu ananivuta buibui kando: "Ehe, Bi Maimuna, mijusi walifika?" Nimechoka kujibu nusunusu. Naandika mara moja, msome, mpitishiane, kisha jambo hili tulizike. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka, hayana utamu hata kwa aliyeyapitia. Na anayetafuta kisa cha kuchangamsha moyo asijisumbue, aende akawapikie watoto chai.

Kutoka Kibokoni hadi Shimanzi

Kwa msionijua tangu zamani: mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, na kazi yangu maisha yote ni wanyama. Siku zetu msichana akisoma sana aliishia kuwa mwalimu au mkunga, na watu wakashukuru. Mimi nikaenda Kampala kusomea wanyama, wa kwanza mtaani petu. Marehemu baba, fundi wa saa, alisakamwa barazani, eti bintiye amepelekwa kujifunza kupasua vyura. Akawajibu, "Heri apasue vyura kuliko kukaa hapa kupasua watu kwa maneno." Wakanyamaza, mbele yake.

Niliporudi na cheti changu nilipewa meza Nairobi, na birika. Wenzangu wanaume walipelekwa porini kutazama tembo na vifaru. Mimi nikaambiwa mwanamke hawezi kulala hemani na wanaume. Miaka ikapita nawamiminia watu chai. Mwisho nikasema haya basi, kama siendi porini, nitamtafuta mnyama anayelala ndani. Nikarudi Mombasa. Asubuhi nikafundisha wasichana, alasiri nikaingia nyumba za watu kutazama mijusi kafiri. Na hapo, wallahi, niliwapiga bao wale wote na Landrova zao. Nani kati yao angeruhusiwa kukanyaga chumba cha ndani cha nyumba ya Kibokoni? Mimi nilivua viatu, nikanywa sharbati, nikaulizia watoto, kisha nikainua macho kwenye boriti.

Sifa za mjusi kafiri kwetu mnazijua. Wazee wanasema aliupuliza moto wa Nabii Ibrahimu uzidi kuwaka, kwa hiyo anayemuua ana thawabu zake. Wenye nyumba walikuwa wakiniuliza, "Sasa ukishamkamata unamfanya nini?" Namtia chupani. "Ndani ya nini?" Ndani ya spiriti. Hapo ndipo istighfari zilipoanza. Mjusi kafiri, tena ndani ya pombe, tena na binti wa watu! Lakini kesho yake yule yule angemtuma mtoto kuniita, chooni kwao pana mmoja mwenye mkia wa ajabu.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na dada yangu Rukia. Yeye ndiye mkubwa, na kazi yake ni kuosha maiti wa kike. Nyumba ninazoingia mimi ndizo anazoingia yeye, ila yeye huitwa kwa kilio. Watu humtania, mwosha huoshwa, naye hujibu, "Inshallah, lakini si yeo." Mijusi anawaogopa hadi nywele zinamsimama. Hata hivyo ni yeye aliyenishikia ngazi miaka yote, mkono mmoja ngazi, mkono mmoja taa, uso kaugeuzia ukutani, anasoma Ayatul Kursiyu. Ningesema, "Dada, inua taa kidogo," naye huinua, wala hafungui macho.

Sasa kuhusu huyo mjusi wa chokaa. Nilimwona mara ya kwanza katika choo cha nyumba iliyo nyuma yetu, kwenye ufa wa ukuta wa chokaa ya zamani. Mdogo, mweupe wa manjano kama chokaa yenyewe, kope zake zina madoa, vidole vyake havikuwa kama vya mjusi yeyote niliyemjua. Nilisoma vitabu vyote, nikauliza kote. Hakuna aliyemwandika. Nilimkuta katika nyumba tatu tu, zote za Mji wa Kale, zote na kuta zile zile za zamani. Nyumba moja ikaporomoka. Ya pili mwenyewe alitoka Uarabuni na hela zake akaipiga saruji ndani nje, akapaka rangi ya mafuta. Ya tatu ikauzwa, ikabomolewa. Nimezunguka tangu hapo miaka, sijamwona tena. Waliobaki duniani, kwa ninavyojua mimi, walikuwa wale waliomo katika chupa zangu tatu za achari, juu ya kabati la marehemu mama.

Katika kazi yetu mnyama asiye na kielelezo hayupo. Uelezee mpaka koo likauke, utaambiwa, "Mlete tumwone." Kwa miaka niliandika, nikaambiwa mlete. Basi mwaka huu wa mvua kubwa nikapata habari kwamba bibi mmoja kutoka Ulaya, anayewajua mijusi wa pwani yote hii, yuko Nairobi katika jumba linalohifadhi wanyama waliokufa, na ataondoka mwisho wa juma. Kama angewaona, angekiri kuwa ni aina mpya, wangewekwa pale milele na jina lao. Kama sivyo, umri wangu wote ulikuwa umepita nikitazama dari za watu. Sisemi kwa kujidharau. Ndivyo hesabu ilivyokuwa.

Reli ilikuwa imekatwa na maji. Mabasi yakakataa sanduku lenye spiriti, yataungua. Mwishowe nikapata lori la sabuni lililopakia Shimanzi, na dereva wake, Kazungu, ambaye nilimfundisha bintiye.

Nilizifunga chupa mwenyewe. Vifuniko nikavipaka nta, kila chupa nikaizungushia khanga, nikazipanga sandukuni na makumbi ya nazi. Juma lile lote dada Rukia alikuwa ananinung'unikia. "Muna, ndia imeharibika, malori yanapinduka. Ukifa ndiani umerowa pombe, mimi nikuoshe kwa mai gani?" Nikacheka, nikamwambia nikifa asinioshe, aniweke kabatini na mijusi wangu. Hakucheka. Alasiri ile nikaenda Tudor kumuaga rafiki yangu, na niliporudi nikakuta sanduku limeshafungwa kamba, fundo moja juu ya jingine, safi kama anavyofunga sanda. "Nimekufungia mwenyewe," akasema. "Usilifungue mpaka ufike." Nikamshukuru. Niliguswa, kwa kweli, maana nilijua asivyopenda hata kulikaribia.

Kulipokucha tukalitia sanduku kwenye mkokoteni. Vichochoro vilikuwa vimejaa maji hadi kwenye vizingiti, na yule hamali alikuwa akipiga kelele, "Simila! Simila!" hata mahali pasipo mtu. Dada alisimama mlangoni na kanzu yake ya kazini, alikuwa anaitwa kwenye maiti Makadara. Akanisomea dua, akanipulizia usoni. Nikamwona anatazama sanduku, si mimi.

Kutoka Shimanzi hadi Voi

Kazungu ni mtu wa Kaloleni, Mgiriama, mtaratibu, hasemi neno kabla ya kulipima. Alipandisha sanduku mwenyewe, akaliweka nyuma ya kiti, juu ya blanketi lake. Chini ya kiti changu palikuwa na vyombo vyake: sufuria, jiko la pampu, chupa kadhaa. "Miguu yako, Bi Maimuna, utaniwia radhi, ndiyo jikoni kwangu hapo." Kumbukeni hizo chupa.

Tukavuka Makupa katika mvua. Malori ya kontena yalikuwa yamesimama pande zote mbili, madereva wanalala na miguu dirishani. Mpaka Mariakani tulikuwa tumeshakula mahamri yote ya dada na samaki wake wa kukaanga, kwa vile hatukuwa na la kufanya ila kutafuna na kusimama, kusimama na kutafuna.

"Sasa mwalimu," akasema Kazungu, "huyo mjusi ataitwa nani?"

Nikamwambia desturi ya kazi yetu, anayemjulisha mnyama kwa ulimwengu ndiye humpa jina.

"Ataitwa Maimuna, basi."

"La, mtu hajiiti mwenyewe, ni aibu. Ataitwa kwa dada yangu. Rukia."

Akabadilisha gia, akakwepa shimo. Kisha akasema, "Na yeye anajua?"

"Akijua ataniua."

Alicheka mpaka akapangusa macho, na mimi nikacheka. Nawaambieni, hiyo ndiyo furaha ya mwisho katika safari hii, mwenye kuitaka aisome mara mbili.

Voi

Tulifika Voi tukaambiwa mbele hakupitiki. Kazungu ana mahali anapolala siku zote, kwa mjane mmoja wa Kitaita, Mama Mghoi, mama wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya chini. Alitupokea vizuri. Akatupa wali na maharage, akanipa mimi chumba cha binti yake. Sikutaka sanduku libaki kwenye lori, likaletwa ndani, limefunikwa khanga. Akalitazama, akanitazama mimi, akatoka.

Nilikuwa nimejinyoosha niliposikia nyimbo. Hee! Natoka, ua limejaa wanawake wa kanisa, wamefunga vitambaa kichwani, wanaimba polepole, mmoja amebeba uji, mmoja sukari. Mama Mghoi akanishika mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana. Tunajua dini yenu ina taratibu zake, lakini hatukuweza kukuacha peke yako na mtoto."

"Mtoto gani?"

Akaonyesha chumbani. "Huyo marehemu. Nimekaa na majirani Waislamu miaka mingi, mama, naijua ile harufu. Ile dawa mnayowatia maiti."

Nikaelewa, nikaona aibu mpaka miguuni. Nikawaambia hapana, akina mama, Mungu awalipe, hakuna maiti. Harufu ni ya khanga, dada yangu anaosha maiti na kila kitu chake kinanuka karafumaiti, hata chapati zake. Ndani mna mijusi.

Nyimbo zikakatika. Aliyekuja na sukari akaikumbatia. Mama Mghoi, Mungu ampe kheri, akasema, "Basi uji tunywe," tukaunywa, na mmoja mmoja wakaaga. Usiku ule nililala vizuri. Namshangaa yule mwanamke niliyekuwa, aliyelala vizuri. Alikuwa ameambiwa waziwazi, na mtu mwenye pua yake timamu, kwamba sanduku linanuka maiti, naye akaona ni kichekesho.

Kwenye foleni ya malori

Kesho yake tukasogea, tukasimama tena. Mbele ya Voi korongo ambalo siku zote ni mchanga mtupu lilikuwa limekuwa mto, limekula barabara, na malori yakapangana nyuma yake mpaka macho yanaishia. Tukakaa pale siku nyingi. Sikuzihesabu, na wala sikuwa na wasiwasi wa mijusi. Niliwaza yule bibi wa Ulaya tu, kwamba ataondoka. Mijusi, nilijisemea, wako ndani ya spiriti, hata wakikaa mwaka hawadhuriki. Ile dawa nyingine kali wanayotumia wenzetu, ya kukaza nyama, sikuwa nikiitumia, ilinichoma macho na kifua. Spiriti tu. Ndiyo iliyowashika miaka yote ile, na bila ya spiriti nyama ni nyama.

Jua likawa linatoka kati ya mvua na mvua, kali, na ndani ya lori pakawa kama tanuri. Madereva walipikiana. Kazungu alisonga ugali juu ya jiko lake la pampu, na mimi nikatoa chupa ya achari ya embe aliyonifungia dada. Achari ile ikapata sifa foleni nzima. Watu wakaja na sahani zao kutoka malori ya nyuma kabisa, "Shikamoo mama, tumesikia kuna achari."

Alasiri ya siku ya kwanza, dereva mmoja kijana akachungulia nyuma ya kiti. "Mama, na zile chupa nyingine za sandukuni? Zile nazo si achari?"

"Wee! Hizo ni mijusi!"

Nilikosea kulisema kwa sauti. Kufika jua kuzama habari ilikuwa imekwenda na kurudi: kuna bibi wa Mombasa, Mswahili, ana majini kwenye chupa, na ndiyo maana maji hayapungui. Tangu afike, mvua haijakatika. Asubuhi wakaja kundi, wamevaa mablanketi, wakasema kwa adabu kabisa kwamba sanduku litupwe mtoni.

Nikalikalia. Nilikaa juu ya sanduku kama kuku anayeatamia, buibui langu limejaa tope, nikawaambia watakaponitupa mimi ndipo litakapotupwa. Nikaishika kamba kwa mikono miwili. Mmoja akauliza limo nini hasa, na mimi nikajibu, mijusi na spiriti. "Spiriti? Pombe?" Basi wakacheka wengine, mmoja akasema, "Tuwatupe mijusi, pombe tuinywe sisi." Kazungu akashuka. Akasimama mbele yangu, akasema taratibu, "Mjusi haleti mvua. Mngekuwa mnajua kuzuia mvua kwa kutupa vitu mtoni, ningemtupa tajiri wangu zamani." Wakacheka wote, na mambo yakaishia hapo. Akageuka, akawasha jiko lake. Nilimwona akiinamia chini ya kiti changu, akichukua chupa, akimimina kidogo kwenye kikombe cha jiko, akiwasha kibiriti, ule moto wa buluu.

Ndugu zangu, ile ilikuwa spiriti. Chupa nzima ya spiriti ya kuwashia jiko, na nyingine bado hajaifungua, chini ya miguu yangu, siku zote zile. Kama nisingelikalia sanduku. Kama ningewaachia wale vijana wafungue chupa moja tu, kwa uchu wao wa pombe, ningeona. Kazungu angenipa spiriti yote bila neno. Nalifikiria jambo hili kila siku, ninapoosha vyombo hasa, sijui kwa nini.

Nairobi

Maji yalipopungua walituvusha lori moja moja kwa kuvutwa na trekta. Tukafika Nairobi kwa baridi. Juma lile lilikuwa limekwisha, na jingine. Nilikwenda kwenye jumba lile nimekata tamaa, nimeshajiandaa kuambiwa bibi amekwenda zake.

Hakuwa amekwenda. Mvua zile zile zilimvurugia safari yake na yeye. Alikuwa pale, mfupi, nywele nyeupe, amevaa kandambili na soksi, akaniinukia kabla sijasema jina. "Nimekungoja," akasema, kwa Kiingereza, nami nawapa maana tu. "Nimekungoja miaka, si siku." Alikuwa amesoma kila nilichowahi kuandika. Alinivutia kiti, na chai akanimiminia yeye, kwa mkono wake. Mimi, niliyemiminia watu chai mji huu huu! Nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Tukalifungua sanduku pamoja. Mafundo ya dada yalitushinda, tukayakata. Nikafunua khanga ya kwanza, nikaona maji yamekuwa meupe meupe. Nikajiambia ni mtikisiko wa njiani. Nikaibandua nta kwa kisu, nikafungua kifuniko.

Pua ilijua kabla yangu. Karafumaiti. Karafumaiti na maji ya waridi, na chini yake uvundo. Sikuhitaji kuambiwa. Ulimwengu mzima kuna mikono mingapi inayonuka vile? Nilimwona dada, kama nilikuwepo: amekaa kwenye kibao chake uani, alasiri ile nikiwa Tudor, anafungua chupa zangu.

Yule bibi alimtoa mmoja kwa kijiko, taratibu. Ngozi ilimwacha kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Wa pili hakutoka mzima. Chupa ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu hatukuimaliza, nilimwomba aifunge. La kuvunda halina ubani, wahenga walisema, na hawa walikuwa na karafumaiti na waridi juu yake.

"Mifupa itabaki," akasema, kwa huruma. Lakini yeye na mimi tulijua kwamba kwa mijusi hawa ngozi ndiyo kila kitu, magamba, vidole, zile kope. Mifupa ya mjusi ni mifupa ya mjusi. Akaniuliza kama nyumba zile bado zipo. Nikasema hazipo. Akaweka kijiko chini. Kisha akaniuliza walikaa majini muda gani, nikamwambia, naye akasema, "Siku moja au mbili wangestahimili."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kwa safari ya siku moja, hesabu ya dada ilikuwa sawa.

Kurudi Kibokoni

Nilirudi na Kazungu yule yule. Nilimsimulia nilipopanda tu, Nairobi bado inaonekana. Mtito Andei akaninunulia chai ya maziwa na mandazi, akasema, "Kula, Bi Maimuna," nikala. Sanduku tulilirudisha tupu. Makumbi niliyaacha Nairobi.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nitawaambia ukweli, yalikuwa maneno makali, na yalikuwa mazuri. Nilimwandalia dada yangu hukumu ya miaka yote: mama aliyekataa kuswali katika nyumba yenye chupa zangu, wale wa barazani, lile birika, na sasa yeye, damu yangu, aliyemaliza kazi waliyoianza wote. Tulipofika Makupa nilikuwa nimeyapanga kama shairi. Nilipoingia kichochoroni petu miguu ilikuwa inanikimbia.

Alikuwa uani, ameketi. Akainuka, akanishika uso, akanitazama kama anayetafuta jeraha. "Alhamdulillahi," akasema, "alhamdulillahi, umekuya mzima." Na kabla sijafungua mdomo, akasema, "Muna, keti. Nna jambo, uniwie radhi."

Nikaketi.

"Ile pombe yako niliimwaga. Usinene, ngoja. Niliogopa. Niliota umekufa ndiani, wamekuleta, na kila nikikutia mai harufu haitoki. Nikasema, safari ni siku moja, na maiti wa Mombasa kwa siku moja hahitaji zaidi ya karafumaiti, mimi najua. Nairobi watawatia pombe yao wenyewe. Basi nikawaosha, nikawarudisha chupani kwa mai ya waridi, nikaziba kwa nta yako." Akainua mikono yake, akanionyesha, kama kwamba bado ina kitu. "Kwa mikono hini, Muna. Mmoja mmoja. Nilikuwa nalia kwa woga. Niliwaosha kwa heshima, kama watu, maana nilijua ni wako."

Mikono ilikuwa imekunjamana kwa maji ya maiti wa mji mzima. Mwanamke asiyeweza kumtazama mjusi ukutani. Yale maneno yangu niliyatafuta, yapo yote, yamepangana. Sikuyapata kinywani.

"Nasikia ndia ilikatika," akasema. "Kila sala niliwaombea. Walifika wazima?"

"Walifika," nikasema.

"Wazima?"

"Wazima, dada."

Akafumba macho, akapumua pumzi ndefu. "Na wamempa jina?"

"Wamempa. Wamemwita Rukia."

"Nani?"

"Mjusi. Kwa jina lako."

Akaruka. "Astaghfirullah! Mjusi kafiri? Ana jina langu mimi? Muna, wewe mwendawazimu!" Akanipiga begani, akanipiga tena, kisha akaketi chini akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, machozi yanamtoka, na mimi nikamtazama, nikacheka na mimi. Sikuwa na la kufanya jingine.

Sasa mnajua. Ndiyo maana kila mnapokutana naye anawaambia kwamba mjusi wa Kibokoni yuko Nairobi, ndani ya chupa ya kioo, na jina lake limeandikwa hapo. Hata msibani, akishamaliza kuosha, akinawa mikono, anawaambia wafiwa. Ameacha kutuma watoto wawaue wa ukutani. Mimi nawatazama, ni wale wa kawaida, wa kila mahali. Kabati la mama sasa nimelitia nguo.

Nimeandika badala ya kusimulia kwa sababu dada yangu hasomi herufi hizi, anasoma msahafu tu, na nyumba zetu mnazijua, neno likisemwa chumbani husikika uani. Msinisomee kwa sauti. Nairobi hakuna kitu. Mkimkuta dada Rukia akawauliza, mwambieni mlikwenda, mkamwona.